Oveni Niliyoiuza Miasenyi

Mimi najisifu, na sitamwomba mtu msamaha kwa hilo. Nimeuza vyombo vyangu vilivyotumika hapa Voi, friji, kabati, vitanda viwili, meza ya kulia, pasi, baiskeli ya marehemu mume wangu, hata mlango mmoja wa mbao, na hakuna aliyerudi getini kwangu akilia kwamba nilimuuzia mbuzi kwenye gunia. Kila kitu nilikiuza kwa bei ambayo ningekubali kuitoa mwenyewe. Kasoro zake nilizitaja kabla mnunuzi hajakaa kitini. Ni mara moja tu niliuza vibaya, na habari ya mara hiyo moja ndiyo nitakayoieleza, kwa sababu ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Ukiona hilo halina maana, subiri.

Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka mingi. Nilipostaafu nikawa naoka skonzi nyumbani, nikiuzia maduka na hoteli ndogo ndogo za barabarani. Halafu magoti yakaanza maneno yao, nikaamua kurudi Mbololo kwenye shamba la baba, nilime mbaazi na mihogo na nipumzike na moto. Nyumba niliyojenga huko ni ya vyumba viwili tu. Vyombo vya maisha mazima haviwezi kuingia vyumba viwili, kwa hiyo ilibidi viuzwe.

Basi nikachukua daftari la shule, nikachana kurasa, na kwa kila chombo nikaandika karatasi na kuibandika kwa selotepu. Sikuandika sifa. Sifa mnunuzi anaziona mwenyewe, ana macho. Niliandika kasoro. Kwenye friji niliandika: "Mlango haufungi mpaka uusukume kwa goti. Inanguruma. Barafu inachelewa." Kwenye kabati: "Droo ya chini ni ya kuangalia tu, haivutiki." Bei niliiandika chini kabisa, ili mtu aifikie akiwa ameshasoma mabaya yote.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mrefu kuliko pensheni yake, alikuja akasoma karatasi zote moja baada ya nyingine, mikono mgongoni, kana kwamba anasahihisha mitihani. Akaniuliza kama nauza vyombo au navisengenya. Nilimwambia ndiyo, navisengenya, na afadhali nivisengenye mimi mbele yao kuliko mnunuzi anisengenye mimi sokoni. Akacheka. Baadaye alinunua pasi, akalipa bei yote, maana karatasi ilikuwa imesema waya umefungwa kwa utepe na kweli ulikuwa umefungwa.

Kupanga bei nako nina njia yangu. Kwanza naenda dukani kuuliza kipya kinauzwaje leo. Bei niliyonunulia mimi miaka ile ni hadithi ya kusimulia, si ya kuuzia. Kitu kikishatoka dukani na kuingia kwako, nusu ya bei umeiacha kule kwa mwenye duka, usijidanganye. Katika nusu iliyobaki ndipo unapoondoa umri na kasoro. Na jambo gumu kuliko yote ni kuondoa mapenzi. Baiskeli ile ilimpeleka mume wangu kazini mpaka mwaka aliofariki. Niliipangusa nikilia. Lakini machozi yangu mnunuzi hayapandi akaenda nayo shambani, atapanda baiskeli, kwa hiyo nililipisha baiskeli tu. Tena sikuangalia viatu vya mtu. Aliyekuja na gari na aliyekuja kwa miguu walisoma karatasi moja.

Alikuja dalali mmoja wa mjini akataka kubeba kila kitu kwa mkupuo. Akasimama mbele ya oveni akaniambia niipake rangi ya fedha kwanza, nitaongeza elfu tatu juu. Nilimwambia aanze kujipaka yeye, tuone ataongeza ngapi. Hakurudi.

Oveni hiyo ndiyo iliyobaki mwisho. Ilikuwa ya makaa, ya kutengenezwa na fundi wa jua kali, sanduku kubwa la mabati lenye mlango mbele, makaa mengine yanakaa chini na mengine juu kwenye sinia. Imenilisha oveni ile. Imesomesha. Karatasi yake ilisema: "Mguu mmoja umechomelewa. Nyuma kuna kutu. Mpini unachoma, shika na kitambaa." Mpya ya ukubwa ule ilikuwa elfu ishirini na mbili. Yangu niliiandikia elfu kumi na mbili, nikailalia bei hiyo usiku mmoja, asubuhi nikaiona bado ni ya haki.

Aliyekuja kuinunua alikuwa msichana wa Miasenyi, Mkamba, wazazi wake walihamia kule kulima zamani. Alikuwa akiuza chai na mandazi kando ya barabara kuu kwa madereva wa malori. Aliniambia kilichomleta bila kuzunguka. Mwanamke mwenye hoteli pale Miasenyi, ambaye zamani alikuwa akichukua skonzi zangu, alikuwa hana wa kumletea tangu nilipoacha kuoka. Amempa msichana huyu wiki moja ya majaribio. Zikimpendeza, atachukua kwake kila siku ya Mungu. Zisipompendeza, basi, ataagiza mkate wa dukani na habari iishe. Msichana alikuwa amekusanya akiba yake yote ya chama kwa ajili ya oveni, na ukiangalia namna alivyoukumbatia mkoba wake ungejua ni yote kweli.

Akasoma karatasi mara mbili. Akainama akaushika mguu uliochomelewa. Nikajiweka tayari, maana Voi mtu asiyeomba kupunguziwa ni mgeni au ni mwizi. Yeye akafungua mkoba akahesabu elfu kumi na mbili, akanipa kwa mikono miwili.

"Mtu anayejisema hivi, mama, mimi sina la kumpunguzia."

Jamani, neno lile lilinikaa. Nililirudia kwa watu wa kanisani, nililirudia kwa muuza mboga, nililirudia kwa yule mwalimu mara tatu mpaka akaniambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu kwamba mimi tembo sinywi, sembuse kulitia maji.

Siku ya tatu nilimpigia simu yule msichana. Nisijifanye, nilipiga ili nisifiwe. Nikamuuliza oveni inaendeleaje.

"Iko sawa tu, mama. Ni mimi sijaizoea."

Nikamwambia ataizoea, nikakata simu nikiwa nimeridhika. Ningekuwa na masikio siku ile ningesikia. Sisi watu wa huku tukikwambia kitu kiko sawa tu, hebu chukua kiti ukae, maana hakiko sawa. Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa sifa.

Siku ya tano mwalimu alirudi kutoka safari ya Mombasa, akaja moja kwa moja kwangu hata kabla ya kwenda kwake. Njiani walisimama Miasenyi wakanywa chai kwenye hoteli ile ile. Aliletewa skonzi iliyoungua upande mmoja, nyeusi ti. Alipolalamika, mwenye hoteli alimwambia wamsamehe, ni ya msichana mmoja anayejaribu, amenunua oveni huko Voi kwa yule mama anayeuza na karatasi. Mwalimu alinieleza haya yote polepole na kwa furaha kubwa.

Damu ilinipanda. Sio kwa sababu ya skonzi, kwa sababu ya jina langu. Mama anayeuza na karatasi! Kumbe huko barabarani nilikuwa nimeshakuwa mama anayeuza vibovu na karatasi juu yake. Nilijua oveni ile haina neno. Niliijua kama ninavyoijua sauti yangu. Basi kama oveni haina neno, mwenye neno ni mwingine.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Miasenyi. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakunja uso. Sikwenda kwa msichana kwanza. Nilipitia hotelini. Wateja walikuwa wanakunywa chai, madereva na akina mama wa vibanda, nikasimama katikati yao, nikasema kwa sauti ya mpishi wa shule ya bweni kwamba oveni ile imeoka skonzi walizokuwa wakila wao wenyewe miaka yote, na kama sasa zinaungua, wasitazame oveni, watazame mikono. Watu wakaitikia. Mwenye hoteli akatikisa kichwa akasema ndivyo alivyofikiri.

Nikaenda kwa msichana nyuma ya vibanda nikiwa na wafuasi, akina mama wanne watano waliotaka kuona. Alinipokea vizuri mno. Akaniletea kigoda, akaniletea chai. Chai nikaikataa. Kwetu kukataa chai ya mtu ni kutangaza vita, naye alijua, akakishika kile kikombe asijue akiweke wapi. Nikamwomba unga uliokwisha umuka. Alikuwa nao tayari, umeumuka vizuri tu, ningekuwa mtu wa haki ningeliona hilo pia. Nikaviringa skonzi, nikazipanga kwenye trei, nikawasha makaa, nikaoka.

Zilitoka rangi ya asali, zote, kila pembe. Nikainua trei juu wale akina mama waione.

"Mmeona wenyewe. Oveni ni ile ile."

Wakapiga makofi. Mmoja akamwambia msichana arudi kwenye mandazi yake, skonzi zina wenyewe. Wakacheka, wakachukua moja moja, wakaondoka wakitafuna. Msichana alikuwa anaangalia chini. Na mimi nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo lilivyokuwa: nilimwona ameaibika na nilifurahi.

Nilikuwa najifuta mikono niondoke aliponiuliza, kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Mama, naomba kuuliza. Kwa nini uligeuza trei?"

Nikamwambia sikugeuza trei yoyote. Akasema niligeuza. Nilifungua mlango mara mbili, mara ya kwanza nikageuza trei, upande uliokuwa kushoto ukawa kulia, mara ya pili nikachukua koleo nikasogeza makaa ya juu kuelekea kulia. Alisema kwa adabu, macho bado chini, lakini alikuwa na hakika. Nikamwambia ameota. Hapo alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikivuta kile kigoda mbele ya oveni, akaniomba nikae, niweke mikono mapajani, nimwambie kwa mdomo tu la kufanya. Yeye atafanya ninachosema, hataongeza, hatapunguza.

Kwa kiburi nikakaa. Nikamwelekeza kiasi cha makaa ya chini, kiasi cha juu, asubiri kiasi gani, anuse nini. Alifuata kila neno. Alipofungua mlango, skonzi za kulia zilikuwa rangi ya asali. Za kushoto zilikuwa mkaa.

Nikamwambia amezidisha makaa. Tukarudia, na safari hii makaa niliyapanga mimi kwa mikono yangu, kisha nikakaa tena kwenye kigoda. Na katikati ya kusubiri, kabla hata harufu haijaanza kubadilika, niliiona mikono yangu imeinuka yenyewe kutoka mapajani. Imeinuka na inakwenda mlangoni. Sikuituma. Niliitazama kama mikono ya mtu mwingine, nikairudisha, nikaikalia. Upande wa kushoto ukaungua tena.

Loo. Nyani haoni kundule, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimekalia kigoda nikionyeshwa langu na msichana wa watu.

Ndipo nilipokumbuka. Fundi aliponitengenezea oveni ile, bati zito lilimwishia, upande wa kushoto akaziba na bati jembamba, linaloshika moto upesi kuliko kwingine, na kuniahidi kwamba atakuja kubadilisha. Hakuja. Miezi ya kwanza niliunguza trei kwa trei, nikalia, nikamlaani fundi, mwisho nikajifunza kugeuza. Nikageuza leo na kesho na mwaka na mwaka mwingine mpaka nikasahau kwamba nageuza. Kutu ya nyuma niliiona kwa sababu haikunihusu. Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa imehamia mikononi mwangu, na huko sikufikiria kuitafuta. Nilimuuzia msichana yule oveni kwa bei ya oveni pamoja na mikono yangu, kisha mikono nikabaki nayo Voi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nilipopiga simu.

"Ungekuwa rika langu ningekupigia siku ya kwanza. Lakini wewe ni mama. Nitakuambiaje kitu chako kinachoma?"

Mimi pia ningefanya vivyo hivyo. Niliwahi kununua kuku wa kutaga kwa mke wa mchungaji, hakutaga hata yai moja mwaka mzima, na kila Jumapili nilimshukuru yule mama kwa kuku mzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa anaweza kukuuzia jiwe ukamwambia asante, ni jiwe laini. Na mimi na karatasi zangu zote sikuwahi kufikiria kwamba aliyenunua kwangu anaweza kuwa ananiheshimu kiasi cha kushindwa kunidai haki yake. Aliona heri ajidhanie yeye ni mjinga. Aliniambia kwamba usiku uliotangulia alikuwa ameshaamua kuacha kuoka kabisa.

Nikamwambia oveni nairudisha, pesa zake zote nampa, na nauli juu. Nilisema kwa haraka, unajua, ili nijisikie vizuri. Yeye akaniuliza swali moja tu. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya majaribio, nikibeba oveni leo, kesho atapeleka nini? Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nawaza jina langu, naye alikuwa anawaza kazi yake. Alitaka nimfundishe kugeuza.

Nikaiomba ile chai. Ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo yote.

Tulioka mpaka saa kumi jioni. Kufundisha kitu ambacho mikono inakijua na kichwa hakikijui ni kazi, nakuambia. Ilibidi nioke yeye akinitazama na kunisimulia ninachofanya, kama mwenye macho anayemwongoza kipofu, halafu aoke yeye mimi nikitazama. Alikuwa mwepesi. Trei ya tatu ilitoka vizuri. Halafu akasimama akaitazama oveni kwa muda, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na kipande cha bati la paa lililong'olewa, akalikunja, akalisimamisha ndani, likalinda ule ukuta wa kushoto. Tukaoka tena bila kugeuza hata mara moja. Rangi ya asali, kila pembe. Miaka yote ile mimi nilikuwa nageuza trei, na dawa yake ilikuwa kipande cha bati. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye kwa mara ya kwanza akacheka mbele yangu.

Nilirudi Voi jioni hiyo, na alfajiri nikarudi Miasenyi. Nilimkuta ameshaoka peke yake. Trei ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, naye amevaa gauni la Jumapili. Tukaenda hotelini pamoja.

Mwenye hoteli hakutaka hata kufunua kitambaa. Alisema asijisumbue, ameshaagiza mkate wa dukani uanze kuja kesho, na tena mwenye oveni mwenyewe jana si alikuja akasema tatizo ni mikono? Akanitazama mimi, nimsaidie. Wateja wote wakanitazama. Karibu wote walikuwa wale wale wa jana. Msichana akanong'ona asante, akaanza kugeuka arudi. Angerudi kweli. Angerudi akauze mandazi maisha yake yote na asimlaumu mtu.

Mimi nimezoea kusimama mbele ya watu, lakini kujitaja kasoro mwenyewe sikuwa nimezoea. Kuitaja friji ni rahisi. Friji haina uso.

"Jana nilisimama hapa nikasema mtazame mikono yake," niliwaambia. "Nilisema uongo bila kujua. Oveni niliyomuuzia ina upande unaounguza, na sikumwambia. Skonzi zote mlizokula zimeungua wiki hii ni zangu, si zake."

Dereva mmoja akaguna, kisha akacheka, na mwingine akauliza kama karatasi ilikuwa imeisha. Niliwaacha wacheke, ilikuwa haki yao. Uso ulikuwa unaniwaka mpaka masikioni. Nikafunua kile kitambaa mimi mwenyewe, nikamwambia mwenye hoteli achague popote, pembeni au katikati, kushoto au kulia.

Alichagua ya pembeni kabisa, upande wa kushoto. Akaivunja, akaitazama chini, akaila, akanywa chai yake. Akachukua nyingine. Mwenye hoteli alipomaliza ya pili akajifuta makombo, akaniambia mimi, si msichana:

"Hizi zimeshinda zile zako."

Halafu akamgeukia msichana akamwambia kesho alete arobaini, na kesho kutwa arobaini, na ule mkate wa dukani atawapigia simu wasilete.

Nitasema ukweli, kwa nukta moja nilitaka kukasirika. Zimeshinda zangu? Mimi niliyeoka kabla huyu hajazaliwa? Kisha nikamwona msichana ameweka mkono mdomoni, na machozi yanamtoka, nikakuta hasira haipo. Kifua kilikuwa kimenijaa kama vile nimemzaa.

Tukatoka nje tukakaa kwenye benchi. Palikuwa bado na jambo moja. Bei niliyompa haikuwa ya haki, na mimi ndiye niliyeipanga, kwa hiyo sikuona kama nina ruhusa ya kuipanga tena. Nikamwambia ataje yeye. Akasema niseme mimi tu, mama, chochote ni sawa. Nikakataa. Nikamwambia sitapanda gari mpaka ataje, na magoti yangu hayana haraka. Akafikiri. Akapiga hesabu kwa vidole, unga ulioungua wiki nzima, makaa, na kasoro yenyewe. Akasema elfu moja na mia tano. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa elfu mbili na mia tano, na nusura nimwambie ameniuzia rahisi. Lakini bei ilikuwa yake, aliipima mwenyewe, na kumwongezea kungekuwa kumwambia hajui kupima.

Nikafungua kibeti nikahesabu. Zilikuwa noti ndogo ndogo zilizokunjwakunjwa. Nikampa kwa mikono miwili, nikashika mkoba wangu, nikainuka kwenda kusimamisha gari.

Nilimsikia nyuma yangu anahesabu. Alikuwa anahesabu noti nilizompa mimi, mama wa umri wa mama yake, waziwazi, moja moja, nikiwa bado sijaondoka.

"Mama," akaniita, na nilipogeuka alikuwa ananitazama usoni. "Hapa pamepungua hamsini."

Nikarudi tukahesabu pamoja. Kweli, zilikuwa zimepungua. Nikampa hamsini yake pale pale, na katika vitu vyote nilivyowahi kuuza, hakuna biashara iliyonipa fahari kama ile.